Wazee wananijibu "alhamdulillahi" tu

Assalamu alaikum Mwalimu,

Mimi ni binti wa Amu, yaani mji wa Lamu, ninasomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha bara. Utafiti wangu unahusu wavuvi wetu na jinsi wanavyotafuta riziki tangu bandari mpya ya Lamu ilipoanza kazi mwaka 2021. Niliamua kuzungumza na watu ana kwa ana badala ya kugawa hojaji. Nilijiambia: mimi ni mwenyeji, lugha yao ndiyo yangu, watanifungulia mlango.

Mpaka leo nimehoji watu sita, wanne hapa mjini na wawili katika kijiji kingine. Nina maswali kumi na manne ambayo msimamizi wangu aliyapitisha. La kwanza ni hili: "Maisha yako ya uvuvi yamebadilika vipi tangu bandari ijengwe?" Wote sita, kana kwamba wamepatana, walinijibu: "Alhamdulillahi, twashukuru." Nikiuliza changamoto, naambiwa "changamoto hazikosi." Nikiuliza kipato cha mwezi, mtu ananitazama tu. Mazungumzo marefu kuliko yote yalikuwa ya dakika kumi na tisa, na nilipoyasikiliza tena usiku nikagundua kwamba anayesema zaidi ni mimi.

Mzee mmoja alinicheka kwa upole: "Wewe si mjukuu wa fulani? Babu yako alikuwa na jarife, wavu mkubwa, hapa hapa. Hayo huyajui?" Nikakosa la kumjibu. Mwingine, kabla sijakaa, aliniuliza kama jina lake nimeshaliandika na pesa zitatoka lini. Tena kwa kuwa ni mwanamke siendi peke yangu, mjomba wangu hunisindikiza, na kila swali likichelewa kujibiwa yeye hulijibu.

Msimamizi amesoma niliyomtumia, akasema ni mepesi, hayana nyama. Amenipa mpaka Septemba.

Kuna na jambo jingine. Mzee mmoja alinifungukia kidogo. Tulipomaliza akaniambia, "Hapo mwisho pafute, mwanangu." Nikamwambia nitafuta. Sijafuta, kwa sababu ndipo penye uzito pekee katika yote niliyokusanya.

Nifanyeje, Mwalimu? Nimtafute mgeni aende kuhoji badala yangu? Au nirudi kwenye hojaji nisalimike?

Mwanafunzi, Amu

*

Waalaikum salaam, mwanangu.

Naanza na hilo uliloliweka mwisho. Lifute leo, kabla hujaendelea kunisoma. Lifute kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye nakala inayojihifadhi yenyewe mtandaoni, na kama uliliandika daftarini chana ukurasa. Kisha nenda kwa mzee umwambie: "Babu, nimeshafuta. Nilichelewa, uniwie radhi." Barua yako ilipofika ilikuwa na jina la kijiji chake na maneno aliyoyasema. Vyote viwili nimevitoa. Amu ni mji ambao mtu akitajwa umri na rangi ya mashua yake watu wameshamjua, hata jina lisipoandikwa.

Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019, na kibali ulichonacho cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, kinakutaka uheshimu ridhaa ya mtu tangu mwanzo hadi mwisho. Ridhaa ni kitu anachoweza kukirudisha mkononi mwake wakati wowote. Lakini wewe umelelewa Amu, na neno amana ulilijua kabla hujaisikia sheria yoyote. Mzee alikuwekea kitu, kisha akakitaka. Ukishamrudishia, unaweza kumuuliza, simu ikiwa imezimwa, kama ataridhia jambo lile litajwe kwa jumla, bila yeye kuonekana. Akikataa, limekwisha. Usimzungukie.

Sasa hiyo "alhamdulillahi".

Mwanangu, mtu akikuuliza "u hali gani?" unajibuje? Hata kama hujalala kwa homa ya mtoto utasema "njema, alhamdulillahi," kwa sababu hapo hukuulizwa habari, umesalimiwa. Swali lako la kwanza lina umbo la salamu. "Maisha yako yamebadilika vipi" kwa masikio ya mzee wa Amu ni "habari za siku nyingi", na mtu mwenye adabu hailaumu riziki yake mbele ya mtoto wa watu, tena akiwa ndio kwanza ameketi. Mzee hakukuficha kitu. Alikujibu sawasawa na ulivyouliza.

Tena swali hilo limebeba jawabu ndani yake. Umeshamwambia kwamba maisha yamebadilika na kwamba aliyebadilisha ni bandari. Je, kama kwake mabadiliko makubwa ni injini iliyokufa, au deni la tajiri aliyemnunulia nyavu, au mwanawe aliyekataa bahari akaenda kuendesha bodaboda? Hayo yote umeyafungia nje.

Jaribu hivi. Muulize mara ya mwisho alipotoka baharini ilikuwa siku gani. Kisha: "Nisimulie siku ile, tangu ulipoamka mpaka samaki walipouzwa." Basi. Unyamaze. Mtu hawezi kuijibu siku moja kwa "alhamdulillahi". Atakwambia aliamka saa ngapi, nani hakutokea, upepo ulikuwaje, maji yalikuwa bamvua, yaani makubwa, au maji mafu, yaani madogo, walipita wapi. Na hapo atakaposema "tukalazimika kuzunguka", ndipo utafiti wako unapoanzia. "Mlizunguka wapi?" "Zamani mlikuwa mkipita wapi?" Bandari itakuja yenyewe kwa mdomo wake, ikiwa ina nafasi katika siku yake. Isipokuja, hilo nalo ni jawabu, na uliandike.

Hilo la kipato cha mwezi liondoe kabisa. Mvuvi hana mwezi. Ana safari, ana misimu ya pepo za kusi na kaskazi, ana siku ya kurudi mikono mitupu. Kinachopatikana kinagawanywa mafungu, la chombo, la nyavu na la mabaharia, na kabla ya mafungu kuna mafuta na barafu vya kukatwa. Uliza: "Safari ile mligawana vipi?" Utapata hesabu kamili, pamoja na anayedai na anayedaiwa, bila kumwuliza mtu mzima mshahara wake. Nakuonya jambo moja: akikuchorea mchangani miamba anayovulia, usiipige picha. Penye samaki ni siri ya nahodha, wengine hawamwambii hata ndugu. Wewe kinachokuhusu ni kwamba alihama, na kwamba safari imekuwa ndefu na mafuta yameongezeka. Mwamba wenyewe mwachie.

Neno "kuhoji" nalo, ukifika barazani, liache nyumbani. Najua ndilo tunalofundishwa, na mimi mwenyewe ndilo ninalolifundisha darasani. Lakini sikiliza redio: anayehojiwa ni nani? Ni mshukiwa, anahojiwa na polisi. Wavuvi wa Lamu wameulizwa maswali mengi na watu wenye sare. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, katika kaunti ya Lamu, mwaka 2014 kukawa na kafyu, na uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku kwa miaka. Watu walizoea kueleza wametoka wapi na wanakwenda wapi. Leo unakuja na karatasi ya maswali kumi na manne na simu inayonasa sauti, unasema "nimekuja kukuhoji". Hata kama ni mjukuu wa rafiki yake, mwili wake unakumbuka.

Sema umekuja kujifunza. Na uwe umekuja kujifunza kweli.

Kuna Mmarekani mmoja, Charles Briggs, aliyeishi Córdova, kijiji cha milimani huko New Mexico, miongoni mwa watu wanaochonga sanamu za watakatifu kwa mbao. Alikuwa kijana, na maswali yake kwa wazee yakawa yanarudi na majibu ya mkato, kama yako. Ilimchukua muda kuelewa kwamba kwa watu wale kijana hana cheo cha kumsaili mzee. Maarifa yanatolewa na mzee kwa wakati wake, na kijana huyapata kwa kukaa, kurudia maneno, kushika kazi. Mwaka 1986 akatoa kitabu kizima juu ya kosa hilo, akisema mtafiti ajifunze kwanza namna watu wa mahali wanavyoulizana ndipo aulize. Alikwenda mbali kulijua hilo. Wewe ulizaliwa ndani yake, chuo kikakusahaulisha kidogo.

Kwa hiyo yule mzee aliyesema "hayo huyajui?" hakukufungia mlango. Alikuwa anakuuliza umekuja kama nani. Mjibu: "Babu, ya babu yangu niliyasikia nikiwa mdogo, lakini ya kwako siyajui. Nikiandika ninavyodhani nitakuwa nimekuandikia uongo." Useme kwa heshima, uketi chini. Nimeona wazee wakisogea na kusema "ndoo, kaa kitako" kwa jambo dogo kama hilo. Hapo uenyeji wako unageuka kuwa kazi: kila unapojikuta unatikisa kichwa kwa sababu unalijua analosema, ndipo pa kuuliza. "Uliposema tajiri amekushika, amekushika vipi?" Unajua maana yake, lakini msomaji wako hajui, na huenda hata wewe unajua ya zamani.

Usimtafute mgeni. Mgeni ataambiwa mengine kwa sababu ataondoka, ni kweli, lakini hatasikia mzaha uko wapi na uchungu uko wapi. Na usirudi kwenye hojaji kwa kukimbia aibu. Hojaji itakupa "alhamdulillahi" mia mbili kwa asilimia.

Kuhusu aliyekuuliza pesa zitatoka lini, mwelewe. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wenyeji wa Lamu dhidi ya mradi wa bandari, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Toka hapo kuna kuorodheshwa, kuhakikiwa, kuorodheshwa tena. Mtu yeyote mwenye kalamu ufukweni anaweza kuwa ndiye mwenye orodha. Usipolisema hilo mwanzo, utakusanya maneno ya mtu anayejitetea ili alipwe, nawe utaandika kana kwamba ni maisha yake. Sema kabla ya kukaa, kwa maneno ya kawaida: "Mimi ni mwanafunzi. Sina orodha, sina fidia, na utakayoniambia hayatakuongezea wala kukupunguzia." Kisha mweleze sauti yake itakaa wapi, nani ataisikia, itafutwa lini, na kwamba anaweza kukwambia uizime wakati wowote. Wengine watakuaga. Waache waende. Watakaobaki wamebaki kwa ajili ya mazungumzo.

Mjomba wako anakupenda, na hapo ndipo penye shida. Kaa naye jioni moja umweleze kwamba ukimya wa mzee si jahazi lililokwama linalosubiri kusukumwa. Mwombe asindikize mpaka barazani, asalimie, kisha akae mahali anapokuona lakini hasikii. Daka, ukumbi wa mlangoni, lenye mlango wazi linatosha: adabu imelindwa na siri imelindwa. Ikiwa wenye mji hawataliona hilo kuwa zuri, nenda na shangazi yako mtu mzima ambaye anajua kunyamaza. Tena kwa nini umehoji wanaume peke yao? Samaki akishafika pwani nani anamkaanga, nani anamuuza, nani anajua ni siku ngapi chungu kilikaa bila kitoweo? Kwa wanawake hao wewe huhitaji mjomba. Mlango wa uani kwako uko wazi, na watafiti wengi wanaume hawakuupita kamwe.

Sasa ukimya, maana naona ndio unaokutisha kuliko yote, na mimi ulinigharimu.

Miaka mingi nyuma, katika kijiji kimoja kaskazini ya Malindi, nilikuwa na mama mmoja aliyekuwa akikaanga na kuuza samaki. Tulifika kwenye usiku ambao chombo cha mumewe kilichelewa kurudi. Akanyamaza. Nikamwona anatazama mikono yake, huruma ikanijia, nikasema: "Lazima uliogopa sana." Akasema, "Ndiyo, niliogopa." Tukaendelea na swali jingine, nami nikaandika "hofu" kwenye daftari langu. Mwaka mmoja baadaye, tukiwa jikoni kwake tunachambua mchele, bila kinasa sauti, aliniambia kwamba usiku ule hakuogopa. Alikuwa na hasira. Mumewe alikuwa ametoka na upepo mbaya kwa sababu ya deni la tajiri, baada ya wawili hao kugombana, na yeye alikaa macho mpaka alfajiri akipanga maneno atakayomwambia akirudi. Deni lile ndilo lililokuwa kiini cha utafiti wangu. Nililifukuza kwa sentensi moja ya huruma. (Aliniruhusu niisimulie, bila jina lake.)

Mtu akinyamaza, nawe nyamaza. Tazama chini kidogo, usimkodolee mato. Mara nyingi kinachoufuata ukimya ndicho kilichokuwa kizito kutoka. Akimaliza na bado unahisi kuna kitu, rudia neno lake la mwisho tu, kwa sauti ya kuuliza. Akisema "tukaiuza ile mashua", wewe sema "mkaiuza?" Utashangaa. Na "kwa nini" uitumie kwa uchache, maana kwetu "kwa nini" ni ya mzazi anayemkanya mtoto. "Ilikuwaje mpaka mkaiuza" inafika pale pale bila kumshitaki mtu.

Ulivyoisikiliza sauti yako usiku ukagundua kwamba umesema sana, wewe umeshaanza kujifunza. Wengi hawasikilizi mpaka mwisho wa kazi. Endelea hivyo: sikiliza kila mazungumzo kabla ya kwenda kwenye mengine, uandike usiku ule ule ulichokiona na simu haikukinasa. Upepo wa kusi utakuharibia sauti ukikaa upande wa bahari, basi tafuta ukuta. Na ujipangie muda wa kunukuu. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuandika, kwa lahaja zetu pengine zaidi. Andika walivyosema. Aliyesema "nti" usimwandikie "nchi". Ukifika kwenye tasnifu ya Kiingereza, maneno kama bamvua na kusi yabaki yalivyo, uyaeleze mara moja. Ukiyatafsiri kila mahali yanapoteza bahari yake.

Hukuniuliza idadi lakini msimamizi wako atakuuliza. Watafiti Guest, Bunce na Johnson mwaka 2006 walipitia tena mazungumzo sitini ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona mengi ya msingi yalikuwa yameshajitokeza katika kumi na mawili ya mwanzo. Watu wameishika kumi na mbili hiyo kama hirizi. Wale wanawake walikuwa wanafanana kwa hali na waliulizwa mambo yale yale. Wako hawafanani: mpiga mbizi wa kambakoche wa Kizingitini, kisiwani Pate, ana bahari yake, mwenye nyavu wa Amu ana yake, muuza samaki ana yake. Mimi ningependa uwe na watu kumi na watano uliowarudia mara mbili kuliko arobaini wa dakika kumi na tisa. Mara ya pili ndipo watu husema.

Na hao sita usiwatupe. Rudi kwao. Huu ni mwezi wa kusi, vyombo vingi vimepandishwa nchi kavu na watu wanashona nyavu tangu asubuhi. Usiende na karatasi. Maswali kumi na manne yapunguze yawe matano, uyaweke kichwani. Usilipie majibu, lakini usiende mikono mitupu kama mgeni asiyejua mji. Sukari na majani ya chai vinatosha, na uvitoe wakati wa kuaga. Mwombe mzee akuonyeshe namna ya kuziba tundu la wavu. Shika sindano. Utakosea, atakurekebisha, atakwambia wavu huu ulichanikia wapi.

Kwanza lakini, nenda kwa yule uliyemwahidi.